Madereva wa Formula 1 wakitoka huko juu: nani kaacha, nani kaachwa, na baada ya hapo nani anawalipa

Tangu timu mpya ya Cadillac watangaze kwamba msimu wa 2026 wanaingia Formula 1 na Valtteri Bottas na Sergio Perez, kuna ubishi hauishi. Mmoja anasema hao walishastaafu wanarudishwa tu, mwingine anasema hawakustaafu walifukuzwa, wa tatu anauliza mbona Bottas mwaka 2025 mzima alikuwa anaonekana kwenye gereji ya Mercedes kavaa sare ya timu, sasa kama kafukuzwa pale alikuwa anafanya nini. Halafu anatokea wa nne na swali ambalo kwangu ndo la maana kuliko yote: hivi hawa jamaa wakishatoka huko huwa wanaenda wapi, manake majina ni mengi na mengine yanapotea tu kama hayakuwahi kuwepo.

Tuanzie chini kabisa. Formula 1, au langalanga kama wengine tunavyoiita, mpaka 2025 ilikuwa na timu 10, kila timu magari mawili, kwa hiyo viti 20 kwa dunia nzima. Cadillac kuingia kumefanya viwe 22. Tangu 1950 walioanza mbio hizi hata mara moja ni zaidi ya watu 750, na mabingwa wa dunia ni 35 tu, wa mwisho kuongezeka akiwa Lando Norris mwaka 2025. Ni basi lililojaa, hupandi mpaka mwingine ashuke. Na stendi haijawahi kuwa tupu, kuna vijana wanasubiri na leseni ya FIA (shirikisho linalosimamia mbio za magari duniani) ya kuendesha langalanga, ambayo kwa kawaida unaipata ukiwa na miaka 18 na pointi 40 ulizokusanya ndani ya misimu mitatu kwenye mashindano ya chini. Vijana wanatengenezwa kila mwaka ila viti haviongezeki kila mwaka, ndo maana walio wengi hawashuki kwa hiari, wanashushwa.

Sasa tutenganishe mambo matatu ambayo huwa yanatupwa kapu moja. Kuna kustaafu kwenyewe, yaani dereva anasema mwenyewe basi, imetosha. Nico Rosberg alichukua ubingwa 2016 na siku tano baadaye akatangaza kaacha, hakuna aliyemfukuza. Kuna kuachwa, ambapo mkataba umeisha timu haikuongeza au umekatwa katikati, na hapa taarifa rasmi huwa inaandikwa kwa maneno matamu ya kushukuriana lakini maana yake ni ile ile, kuna mtu mwingine anakaa hapo. Halafu kuna dereva wa akiba, huyu yuko kwenye timu, analipwa, anafanya kazi ya simuleta (mashine ya kuigiza kuendesha gari) kule kiwandani, anasafiri na timu, lakini mbio haendeshi mpaka mwenye kiti aumwe au apatwe na jambo. Bottas 2025 alikuwa huyo wa tatu. Aliachwa na timu ya Sauber mwisho wa 2024, Mercedes wakamchukua kuwa akiba, akawa hana kiti lakini hajastaafu. Perez yeye aliachwa na Red Bull kipindi hicho hicho na akakaa nyumbani mwaka mzima.

Hiyo ya akiba msiidharau. Mwaka 2020 Nico Hülkenberg hakuwa na kiti popote, korona ikampata Perez halafu baadaye Lance Stroll, akaitwa mara tatu kuziba pengo timu yao ya Racing Point, mara ya mwisho kaitwa siku yenyewe ya kufuzu, yaani ya kutafuta nafasi za kuanzia mbio. Wakubwa wakaona bado anajua, 2023 akapata kiti cha kudumu Haas, na 2025 pale Silverstone, Uingereza, akiwa Sauber akapanda jukwaani la tatu bora kwa mara ya kwanza maishani mwake baada ya kuanza mbio zaidi ya 230.

Baada ya hapo kuna swali moja ambalo ukilishika mengine yote yanafunguka: nani anamlipa nani? Mashabiki wengi tunaamini dereva wa Formula 1 ni tajiri tu, akitoka anakaa ufukweni. Wa juu kabisa ndio, hao wanalipwa mamilioni ya dola. Lakini huku chini ya orodha miaka yote kumekuwa na madereva ambao hela inaenda upande wa pili, wao ndo wanakuja nayo, kwa mdhamini au kwa familia, timu inawapa kiti. Hawa ndo tunaowaita madereva wa kulipia, na kelele nyingi tunawapigia sisi kwamba hawajui kitu. Kwanza si kweli kwamba wote ni wabovu. Pastor Maldonado alikuja na hela za kampuni ya mafuta ya taifa ya Venezuela na bado alishinda mbio za Hispania 2012 akiwa timu ya Williams, ushindi ambao hakuna anayeweza kumpokonya. Niki Lauda mwenyewe, bingwa mara tatu, alianza kwa kukopa benki ili anunue kiti, na dhamana ilikuwa bima yake ya maisha. Kwa hiyo dereva wa kulipia akitoka Formula 1 baada ya misimu miwili inawezekana kabisa hana akiba ya maana mfukoni, alichonacho ni jina na uzoefu, na inabidi aviuze haraka kabla havijapoa.

Nitatumia timu moja kuonyesha, Toro Rosso, ile timu ndogo ya Red Bull ambayo imeshabadilishwa jina mara kadhaa. Desemba 2011 waliwatoa madereva wao wawili kwa mpigo, Sébastien Buemi na Jaime Alguersuari. Alguersuari alikuwa na miaka 21. Ishirini na moja! Wakaingizwa Daniel Ricciardo na Jean-Éric Vergne. Sasa fuata hawa wanne walipoishia.

Buemi alibaki Red Bull kama dereva wa akiba, huku Toyota wakampa gari la mbio ndefu. Leo ana ushindi wa Le Mans, mbio za saa 24 kule Ufaransa, mara nne na ubingwa wa Formula E, mbio za magari ya umeme, wa msimu wa 2015-16. Alguersuari akahangaika, akaendesha msimu wa kwanza wa Formula E, mwaka 2015 akatangaza anaacha akiwa na miaka 25 na akahamia kwenye muziki, kazi ya udijei ambayo alikuwa anaifanya pembeni tangu akiwa Formula 1. Vergne naye akaachwa mwisho wa 2014, akaenda Formula E, akawa bingwa mara mbili mfululizo. Ricciardo ndo alipanda, akashinda mbio nane akiwa na Red Bull na McLaren, akazunguka zunguka, mwisho akarudi kwenye timu hiyo hiyo ndogo na wakamtoa katikati ya msimu wa 2024. Hakutafuta mashindano mengine ya kuendesha, mwaka uliofuata akawa balozi wa Ford kwenye mambo ya mbio huku ana biashara yake ya nguo. Wanne, timu moja, na ukiangalia vizuri aliyekaa Formula 1 muda mrefu ndo aliyeacha kuendesha mapema kuliko Buemi na Vergne ambao tuliwaita walioshindwa.

Ndo maana nasema imani kwamba akitoka Formula 1 kazi ya udereva imeisha ndo imani potofu kubwa kuliko zote. Kwa wengi miaka mingi ya kazi inakuja baadaye. Mbio ndefu za dunia, zile zenye Le Mans saa 24 ndani yake, daraja la juu linaitwa Hypercar na humo wanaolipa ni viwanda vya magari vyenyewe: Toyota, Ferrari, Peugeot, BMW, Cadillac na wenzao. Kiwanda kinataka dereva ambaye haharibu gari, anatunza tairi, anaeleza mainjinia kinachoendelea na hana ubinafsi wa kugombana na wenzake, manake gari moja wanaliendesha watatu kwa zamu. Hizo sifa dereva wa zamani wa Formula 1 anazo au anajifunza haraka. Brendon Hartley alikaa Formula 1 msimu mmoja na vipande vya mwingine, lakini Le Mans kashinda mara tatu.

Na Robert Kubica. Huyu alishinda Canada 2008, alikuwa anatajwa kuwa bingwa wa baadaye, Februari 2011 akapata ajali ya rali Italia iliyomharibu mkono wa kulia vibaya sana. Akarudi Formula 1 msimu wa 2019 na Williams, gari lilikuwa la mwisho kabisa, akapata pointi moja tu, watu wakasema hadithi imeisha. Mwaka 2025 akashinda Le Mans na Ferrari ya njano pamoja na Yifei Ye na Phil Hanson, miaka 14 baada ya ajali. Mimi nikiambiwa nitaje dereva mmoja tu wa kumwonyesha mtu anayedhani nje ya Formula 1 hakuna kitu, namtaja huyu.

Chini ya Hypercar kuna magari ya GT, yaani magari ya barabarani yaliyogeuzwa kuwa ya mbio, na hapa mzunguko wa hela ni wa kuchekesha kidogo kwa mtu asiyeuzoea. FIA wanawagawa madereva kwa madaraja: shaba, fedha, dhahabu, platinamu. Shaba kwa kawaida ni wale ambao si wataalamu, mara nyingi watu wenye biashara zao na hela zao wanaopenda kuendesha, platinamu ni wakubwa wa kazi hii, humo wamo waliotoka Formula 1. Kwenye LMGT3, daraja la hayo magari ya GT kwenye mbio ndefu, kila gari lazima liwe na angalau dereva mmoja wa shaba. Kwa hiyo tajiri anatoa hela, timu inatengeneza gari, halafu timu inaajiri mtaalamu wa kukaa naye, amfundishe, amrekebishie gari na arudishe sekunde ambazo bosi kazipoteza. Ni ajira halali ya madereva wengi sana usiowasikia, na inaweza kwenda mpaka mtu afike miaka arobaini na kitu.

Njia nyingine ni Marekani. Nigel Mansell alichukua ubingwa wa Formula 1 mwaka 1992, hakuelewana na Williams, akavuka bahari na 1993 akachukua ubingwa wa IndyCar, mashindano ya kule yanayofanana na langalanga, kwenye msimu wake wa kwanza kabisa. Emerson Fittipaldi, bingwa wa 1972 na 1974, alienda kule akiwa mtu mzima na akashinda Indianapolis 500, mbio maarufu kuliko zote za IndyCar, mara mbili, 1989 na 1993. Takuma Sato, ambaye Formula 1 hakushinda hata mbio moja, kashinda hiyo Indy 500 mara mbili, 2017 na 2020, Marcus Ericsson akashinda 2022. Ukiona orodha hiyo unaelewa kwamba matokeo ya Formula 1 yanapima gari zaidi ya kiasi tunachopenda kukubali.

Lakini msichukulie kwamba dereva wa Formula 1 anaweza kuendesha chochote akashinda, hiyo nayo ni chumvi. Kimi Räikkönen, bingwa wa 2007, alienda rali ya dunia 2010 na 2011 na nafasi yake nzuri kuliko zote ilikuwa ya tano. Sababu si kipaji. Kwenye langalanga unazunguka kona zile zile mara hamsini, sitini, unajua breki unakanyaga wapi mpaka kwenye mita. Kwenye rali kona unakutana nayo mara chache mno, unaenda kwa kusikiliza maelezo ya msaidizi wako pembeni, udongo umelegea, mvua imenyesha saa moja iliyopita, na unatakiwa umwamini mtu kwa sauti kuliko macho yako. Ni ufundi mwingine kabisa, unajengwa toka utotoni. Räikkönen akarudi Formula 1 mwaka 2012 na akashinda tena, kwa hiyo kuendesha hakuwa amesahau.

Wanaoacha kweli kuendesha, hela yao inatoka wapi? Televisheni ndo jibu la haraka, na hapa ubingwa si sharti. Martin Brundle alianza mbio 158 bila kushinda hata moja, lakini anajua kueleza, na kwa watazamaji wa Uingereza sauti yake inajulikana kuliko ya mabingwa wengi. James Hunt, bingwa wa 1976, aliacha katikati ya msimu wa 1979, akaenda BBC kutangaza mbio na mtangazaji Murray Walker mpaka alipofariki 1993 akiwa na miaka 45. Maisha yake baada ya mbio yalikuwa na shida za hela na za nafsi, na ilijulikana. Damon Hill, bingwa wa 1996, naye amezungumza waziwazi kuhusu msongo wa mawazo. Hili huwa tunaliruka kwa sababu tunaona magari ya kifahari tu, lakini fikiria mtu aliyepangiwa kila siku ya maisha yake tangu akiwa na miaka minane, nini ale, alale saa ngapi, leo anaamka hakuna anayemsubiri popote.

Kumiliki timu ndo mtego mkubwa. Watu wanadhani bingwa atakuwa bosi mzuri. Alain Prost, mabingwa wanne ndani ya mtu mmoja, alinunua timu ya Ligier 1997 na kuipa jina lake. Kuanzia 1998 Peugeot walimpa injini, walipojitoa mwisho wa 2000 ikabidi alipie injini za Ferrari, wadhamini wakubwa nao wakaondoka, na mwanzoni mwa 2002 timu ikafungwa na madeni bila kushinda mbio hata moja. Jackie Stewart, bingwa mara tatu, aliingiza yake kwenye mbio mwaka huo huo wa 1997, ila yeye alikuwa na Ford nyuma yake toka siku ya kwanza. Ikashinda mara moja, Nürburgring kule Ujerumani 1999 na dereva Johnny Herbert, na mwaka huo huo akawauzia Ford wenyewe. Ikawa Jaguar, na tangu 2005 ndo Red Bull hii hii tunayoijua. Utaona Stewart hakuwa na akili ya mbio kuliko Prost (Prost walimwita Profesa!), alijua tu nani analipia injini na alijua siku ya kuuza.

Biashara za nje ya mbio ndo zinanifurahisha zaidi. Jody Scheckter, bingwa wa 1979 na Ferrari, aliacha mwaka mmoja baadaye, akaenda Marekani akajenga kampuni ya simuleta za kufundishia askari kulenga shabaha, akaiuza, halafu akaenda Uingereza kufuga nyati wa maji kwenye shamba la kilimo hai na kutengeneza jibini. Nelson Piquet, bingwa mara tatu, alianzisha Brazil kampuni ya kufuatilia malori kwa setilaiti. Carlos Reutemann aliyekosa ubingwa 1981 kwa pointi moja akawa gavana wa jimbo la Santa Fe kule Argentina kwa vipindi viwili, kisha seneta mpaka alipofariki 2021.

Na Lauda, huyu lazima nimrudie. Alishuka kwenye gari katikati ya mazoezi ya Canada 1979 akasema kachoka kuzunguka duara, akaenda kushughulikia shirika lake la ndege. Ndege zinakula hela, 1982 akarudi McLaren, 1984 akachukua ubingwa kwa kumzidi Prost nusu pointi, mwaka uliofuata akaacha tena. Mwaka 1991 ndege yake ya Boeing 767 ilianguka Thailand wakafa watu wote 223. Alienda mwenyewe eneo la ajali, na akawabana Boeing mpaka ikajulikana hadharani kwamba kifaa cha kurudisha nyuma nguvu ya injini kilifunguka ndege ikiwa angani. Toka 2012 akawa mwenyekiti wa timu ya Mercedes akiwa na hisa, na ni yeye aliyemshawishi Lewis Hamilton aache McLaren aje kwao. Alifariki 2019. Ukisikia mtu anasema mwanamichezo akistaafu kaisha, mtajie huyo mzee.

Wengine hawatoki kabisa kwenye mchezo, wanabadilisha upande wa meza tu. Mark Webber, dereva wa zamani wa Red Bull, ni meneja wa dereva Oscar Piastri. Susie Wolff, aliyekuwa dereva wa majaribio wa Williams na akaendesha mazoezi ya Ijumaa pale Silverstone 2014, aliongoza timu ya Venturi kwenye Formula E na tangu 2023 anaongoza F1 Academy, mashindano ya kuinua madereva wa kike. Rais wa FIA, Mohammed Ben Sulayem, alikuwa dereva wa rali, bingwa wa Mashariki ya Kati mara 14. Shekhar Mehta aliyeshinda Safari Rally mara tano alikuja kuongoza kamisheni ya rali ya hiyo hiyo FIA.

Na kuna hii ambayo wengi hawaijui kabisa: tangu 2010, kwenye jopo la majaji wa kila mbio za Formula 1 anakaa dereva wa zamani. Lengo ni madereva wasihukumiwe tu na watu ambao hawajawahi kukaa kwenye usukani kwa kasi ile. Kama anaweza kufanya hiyo kazi na uchambuzi wa mbio hizo hizo kwa wakati mmoja, huo ulikuwa mjadala mrefu, mpaka Januari 2025 FIA wakasema haviendani na wakaachana na Johnny Herbert, ambaye alikuwa anafanya vyote viwili. Kwa hiyo dereva wako akipewa adhabu ya sekunde tano kwa kumsukuma mwenzake nje ya kona, kabla hujaanza kutukana kwamba majaji hawajui mbio, kaangalie kwanza karatasi ya uamuzi, chini kabisa kuna majina ya waliosaini, na mmoja wao huenda ulikuwa unamshangilia miaka ishirini iliyopita.